Wamekata Mgunga Wako kwa Heshima Yako

Hooyo,

Nakusalimu kwanza, mama yangu, amani iwe juu yako na juu ya majirani zako wa makaburini, maana nikianza na hasira utaniuliza nililelewa na nani. Ni mimi Hodhan, bintiyo. Nimeudhika, na wa kumwambia ni wewe tu.

Abdi ameukata mgunga wako.

Tangu ututoke, mwanao alikuwa akitafuta sadaka ya kudumu, thawabu zikufikie huko uliko. Akaamua tupande miti hapa Kotile kwa jina lako, kwa kuwa ulipenda miti. Aliponipigia simu nililia kwa furaha. Akaalika wazee, masheikh na watu wa maofisi kutoka Garissa, akakodi hema na viti. Wenye hema walipofika wakasema miiba ya mgunga itararua turubai, na ndege walio juu watawachafua wageni. Ndugu yangu akakubali. Mimi nilifika kutoka kwangu Iftin, kule Garissa mjini, asubuhi ya sherehe, nikakuta mti umelala na vijana wanapanga viti pale ulipokuwa ukikalia mkeka wako. Abdi akaniambia nisijali, tunapanda mingine mingi.

Hotuba zilitolewa kuhusu ukame na umuhimu wa kivuli, na kila msemaji alikuwa akijifuta jasho, kwa sababu chini ya turubai lile hewa haikupita. Mzee mmoja aliniuliza akanywee chai wapi penye ubaridi. Nilimwonyesha gogo.

Miche ikapandwa kwa mstari mzuri. Hakuna aliyeizungushia miiba. Sisi, Hooyo, watu wa mbuzi tangu mababu, tulipanda majani mabichi uwanjani wakati wa kiangazi, halafu tukaingia kula pilau. Tulipotoka, mbuzi nao walikuwa wameshakula. Siwalaumu hata kidogo. Walikuja kutafuta matunda ya mgunga kama ulivyowazoesha.

Naikumbuka hangool yako, ile fimbo ndefu yenye kulabu. Ulikuwa ukitikisa matawi, matunda yakimwagika na mbuzi wakikusukuma magoti. Mwaka ule mbaya ulipolazimika kukata tawi, ulikata moja tu, na ukauambia mti pole. Na yule mtu wa makaa aliyekuja na lori, ulimwendea na Kiswahili chako cha sokoni: "Wewe, kata mguu yako kwanza. Halafu kuja ya mti." Aliondoka akicheka, lakini aliondoka. Basi mti ulioponea kwa mwenye lori umekuja kuangushwa na mwanao mwenyewe, na bismillahi juu.

Abdi si mtu mbaya, unamjua. Kesho yake adhuhuri nilimwona akibeba mkeka wa kuswalia. Miguu ikampeleka kwa mazoea hadi kwenye kivuli chako, akasimama pale juani asijue aende wapi.

Sasa sikiliza. Kisiki kimechipua. Abdi alitaka king'olewe, uwanja uwe safi, nikamwambia atanikuta nimekikalia. Nikachukua hangool yako nyuma ya mlango, nikayavuta matawi ya mgunga wenyewe, yale yaliyokuwa yametupwa kando, nikakizungushia kisiki ua wa miiba. Mikono ilichanika, nikakukumbuka mpaka nikashindwa kuona mbele. Abdi alikuja bila kuitwa akashika tawi upande wa pili. Ua ukakamilika.

Pumzika, Hooyo, Mwenyezi Mungu akupe kivuli chake. Kila likizo nitakuja kuukagua ua huo, na machipukizi yakikua nitaliacha lile lenye nguvu liwe mti. Nakuahidi hapapiti mbuzi pale, wala hema. Na mtu yeyote akija tena kutaka kukuenzi kwa kusafisha uwanja, nitamwambia aanze na mguu wake.

Bintiyo,
Hodhan