Ibraimo Suleimane wa Quiterajo

Jumatatu, 5 Mei 2025
Imekubali! Tangu mwaka uanze watu wanalalamika: ukitafuta jina la ndugu aliyepotea vitani, tableti inazunguka mpaka chai inapoa. Sistema ilikuwa inapita tabela nne, orodha nne nzima, kwa kila swali — mtu, familia, kijiji, habari ya mwisho. Sasa nimetengeneza moja fupi, ya yale yanayoulizwa kila siku. Nakala yake inakaa ndani ya tableti yenyewe, hata rede ya simu ikikatika jibu lipo. Umri nimeuacha nje ili iwe nyepesi. Ufunguo, wa kumtenga mtu na mtu, ni jina na kijiji. Nani anakuja ofisini kwetu Palma na namba yake? Watu wanakuja na majina.

Chefe Délcio, mkubwa wetu wa kazi, kasema, Chamima, wewe moto. Nimefurahi, kwa nini nijifiche.

Alhamisi, 8 Mei
Kaja dada mmoja, Alima, anakaa Quitunda na mama yake. Anamtafuta mumewe, Ibraimo Suleimane wa Quiterajo. Walipotezana siku ya kukimbia. Nikaandika jina. Jibu likaja kabla sijainua kidole: falecido. Kafariki.

Hakulia. Alikaa pale pale sakafuni, akaniuliza kama ni hakika. Nikamwambia sistema ndivyo inavyosema. Afadhali ingechelewa.

Jumapili, 11 Mei
Hitima imesomwa Quitunda. Nilikwenda. Alima kaingia eda, kavaa nyeupe.

Jumanne, 20 Mei
Ya Rabi. Ya Rabi!

Palmira, mwenzangu anayeandikisha watu kule Namoto mpakani, kanipigia simu. Eti kuna mwanamume mbele yake, kavuka kutoka Tanzania, anamtafuta mkewe Alima. Na kila wakiandika jina lake mwenyewe tableti inasema kafa.

"Yuko hapa anakula muhogo wangu," kasema. "Nimwambie nini?"

Nikafungua tabela kubwa, ile ya asili. Ibraimo Suleimane wa Quiterajo wako wawili! Mmoja mzee, kafa kwa maradhi. Mwingine mjukuu wake. Suleimane, mtoto wa huyo mzee, kampa mwanawe jina la baba yake, kama tunavyofanya sote huku. Mimi mwenyewe nina jina la bibi — nikiitwa nyumbani tunaitika wawili! Na bado nikaweka jina na kijiji kuwa ufunguo. Habari ya babu ikamfunika mjukuu. Angekosea mtu wa Maputo ningemcheka, ningesema hawa hawatujui.

Délcio anataka tungoje ruhusa ya wakubwa wa mkoa kule Pemba kabla ya kumwambia mke. Nimemjibu vibaya. Mwanamke anakalia eda ya mtu aliye hai, yeye anataka muhuri! Nimerekebisha: ufunguo sasa ni namba ya mtu, jina la kutafutia tu. Kesho Quitunda.

Jumatano, 21 Mei
Naandika hapa barazani kwa mama yake Alima.

Nilimwambia. Dada Alima, mumeo yu hai, yuko Namoto, aliyekufa ni babu yake. Mama yake alishika ukuta asianguke. Alima hakuinuka.

"Wewe ndiye uliyeniambia kafa," kasema.

Nikasema ndiyo.

"Basi nioneshe. Hapo hapo uliponionesha mwanzo."

Rede hakuna! Tangu asubuhi haishiki. Palmira hapatikani, na picha ya yule mwanamume sikuomba — kichwa gani hiki! Niliyoyarekebisha yako Palma, nakala iliyomo kwenye tableti bado ni ile ya zamani. Nikamweleza. Hakunisikiliza, kanyoosha mkono. Nikampa. Kaandika jina mwenyewe, herufi moja moja.

Jibu lilikuja mara moja. Upesi ule ule.

Kalisoma. Kanirudishia tableti, kajifunika nguo yake mpaka usoni. Nikaapa kwa Mungu. Nimelia mbele yao, mimi, mtu wa ofisi.

Mama yake ndiye aliyezinduka. Kasema gari ya Namoto inapita sasa hivi, inuka mwanangu, twende ukamwone kwa macho yako. Alima kasema mwenye eda hatoki.

"Huna eda!" mama kamwambia. "Mume yupo!"

"Nani kasema?"

Gari imesimama nje, inapiga honi. Mama kavaa kiatu kimoja, kingine kiko mkononi, ananitazama mimi nimjibu mwanawe. Naacha kuandika.