Mwili Usiopatikana

Nekesa mjukuu wangu,

Huku Misikhu tuko. Shangazi yako ndiye ananiandikia. Mahindi yameoza kwa mvua, na babu yako bado anakohoa na hasikii la mtu. Nasikia umekonda. Kula.

Umeniuliza ufanyeje na yule mama Mwislamu wa Kitale unayemshauri kazini, ambaye kijana wake alichukuliwa na hajarudi. Ukimwambia asimulie, ananyamaza, na sasa hata chakula hataki. Unaogopa atakufa mikononi mwako.

Ndugu yangu Wafula alipotea nikiwa msichana. Yaliyompata sitayaandikisha. Mama naye alikataa kula. Akaja mwanamke wa kanisa kutoka mjini, akamwambia, "Sema yote, mama, utoe uchungu."

"Niseme nini na mtoto wangu hajazikwa?"

"Lakini si mwili haupo?"

"Haupo. Na wewe hujauliza kwetu tunafanyaje."

Basi akauliza. Kesho yake tulizika shina la mgomba badala ya mwili wa Wafula, kama ilivyo desturi yetu, na yule mwanamke akashika jembe. Mama hakupona, nisikudanganye. Lakini jioni hiyo alikunywa uji, akamtaja Wafula kwa jina.

Sasa usikimbie kumpelekea huyo mama mgomba. Mila yake si yetu, na labda bado anamtazamia kijana mlangoni. Ukimzika kijana kabla mama yake hajamzika, ni wewe utakuwa umemuua. Mwulize anataka nini, halafu ufunge mdomo. Kama anangoja, ngoja naye.

Kukhu, bibi yako anayekupenda na ukaidi wako wote