Usiseme Ngiri

Kipungani, 6 Januari 2025

Kaka Idarus,

Assalaamu alaykum warahmatullah. Niwie radhi kwa kuchelewa kukuandikia. Kila nikikaa na kalamu Raiyan anaamka, na akilala Raiyan nalala mimi pia, wakati mwingine nimekaa vivyo hivyo na kijiko mkononi. Natumai wewe na wifi Hadil hamjambo, na ule mguu wako umepoa. Sisi wazima, ila Mama. Ndiyo maana naandika wala sipigi simu. Nyumba hii ukinong'ona jikoni yeye anakusikia barazani, na ujumbe wa sauti anaufungua kabla yangu.

Kaka, kile kiungulia chake si cha kawaida tena. Akiinamia ukili kushona mkeka, maji machungu yanampanda mpaka kooni. Mkate ukiwa mkavu unamkwama, anajipigapiga kifua mpaka ushuke. Anasinzia ameketi, mito mgongoni, akikohoa usiku kucha. Amekonda hata bangili yake inapanda mpaka kiwiko. Na kuna jambo alilonificha mpaka nikamfuma: haendi sijda. Akiinama tu kifua kinawaka. Anaswali kwenye kiti na mlango ameufunga, Bi Nour wa jirani asije akamwona.

Nilimpeleka kliniki mjini. Daktari ni kijana wa bara, mpole. Picha ilipotoka akasema sehemu ya tumbo imepanda juu, imepita kwenye tundu lililo chini ya kifua. Mpaka hapo Mama alikuwa anasikiliza vizuri. Kisha maskini daktari akataka kumfafanulia zaidi, akasema, "Yaani Mama, hii ni ngiri."

Mama aliinuka, akavuta buibui lake, akatoka. Tulikuwa kwenye boti, tunakaribia nyumbani. Akaichana karatasi ya daktari, akaitupa majini, ndipo akasema: "Ngiri ni ya waume. Mimi ni mtu mke. Mtu asisikie."

Daktari alisema atafutwe bingwa Mombasa. Nawe uko huko, unajua watu. Nitafutie bingwa wa ngiri hii ya juu, ya kifuani, kabla ya Ramadhani, maana ameshasema atafunga na hakuna wa kumzuia. Naogopa, Kaka.

Dadako,
Umulkheir


Mombasa, 13 Januari 2025

Mdogo wangu Umulkheir,

Waalaykum salaam. Barua yako imenifikia na mahamri ndani ya mfuko, mahamri yameliwa na Hadil kabla sijamaliza kusoma. Mguu umepoa, alhamdulillahi. Nibusie Raiyan, mwambie mjomba wake anamletea baiskeli akijifunza kwanza kutembea.

Usiogope. Kazi imekwisha. Nimeuliza barazani baada ya swala ya Ijumaa, na kila mtu amenitajia jina moja: Dakta Wazir, daktari wa upasuaji. Umulkheir, nusu ya wazee wa msikiti wetu wamepitia mikono yake! Walisimama mmoja mmoja kunieleza, na mwingine alitaka kunionyesha kovu, nikamwambia astaghfirullah mzee, nakuamini. Unaingia leo, kesho uko nyumbani unakunywa uji.

Nimekwenda mwenyewe. Nilimwambia ni mzazi wangu, yuko Lamu, ana ngiri, akiinama inamsumbua. Akasema, "Mlete, tuikate iishe." Mtu wa maneno machache, nimempenda. Nimetoa nambari yako ya simu watume maelekezo.

Unajua wewe una tabia ya kuulizauliza mpaka mtu akachoka. Safari hii tulia, mfungashe Mama, mengine niachie.

Kakako,
Idarus


Kipungani, 19 Januari 2025

Kaka,

Salaam. Sitauliza hali yako sana leo, utanisamehe, nina hasira na nina usingizi.

Maelekezo yamefika. Shemeji yako Fadhil ndiye aliyekuwa na simu yangu mkononi, tunakunywa chai ya asubuhi, akausoma ujumbe kwa sauti akidhani ni mzaha wa watoto wa mjini: "Mgonjwa wetu wa ngiri, vaa kikoi kilegevu, sehemu ya chini ya kitovu iwe imenyolewa, na baada ya upasuaji usibebe mzigo wala usimkaribie mke mpaka utakaporuhusiwa."

Mama alikuwa amekaa pale pale.

Fadhil alicheka, akaona uso wangu, akaacha. Mama aliweka kikombe chini. "Niatani na kiungulia changu," akasema, akaingia chumbani. Tangu hapo hataki kusikia jina la daktari yeyote. Hali chakula nasi. Anakoroga magadi kwenye maji anakunywa kwa siri, anadhani sioni kikombe kimeganda weupe.

Sasa sikiliza. Ulisema "mzazi wangu". Kaka, mzazi ni nani? Ni mimi, ni wewe, ni baba, ni mama. Dakta Wazir amesikia mzazi, amesikia ngiri, akaona mzee mwanamume mwenye ngiri ya kinena. Simlaumu sana, kwa Kiswahili chetu hata mimi ningeona hivyo. Ninalomlaumu ni kwamba hakuuliza lolote. Alikubali kumkata mtu asiyemjua ni mwanamume au mwanamke. Nami nilikuandikia ya juu, ya kifuani, nawe ukaishia kwenye neno la kwanza.

Na jana Mama alitapika. Kilikuwa cheusi, kama tope la kahawa chini ya dele. Alikifukia kwa mchanga uani kabla sijakiangalia vizuri.

Kwa hiyo sitatulia, nitauliza. Tafuta daktari wa ndia ya chakula, kama wanavyosema kwetu, wa koo na tumbo, anayeingiza kamera akatazama kwanza. Muulize ameona wangapi wa aina hii ya kifuani, si ile ya barazani kwenu. Muulize, kama dawa zinatosha, atasema zinatosha, au lazima akate? Na kukikatwa, nini huharibika? Mwambie alichotapika. Na useme mama. Mama yangu. Mwanamke.

Dadako,
Umulkheir


Mombasa, 24 Januari 2025

Umulkheir mdogo wangu,

Assalaamu alaykum. Nimesoma barua yako nikaiweka chini, nikazunguka nyumba, nikaisoma tena. Hadil alicheka kile kikoi mpaka akakaa sakafuni, kisha alipofika pale pa kutapika akaanza kulia. Niwie radhi. Mama akikasirika nami, ana haki.

Nilirudi kwa Dakta Wazir. Nilipomwambia ni mama, ya kifuani, aliguna, kisha akasema hata hiyo anaweza, kukata ni kukata. Nikamuuliza ameshafanya ngapi. Akasema ni chache. Nikamuuliza kamera. Akasema kamera ni kupoteza wakati, picha imeshaonyesha.

Kisha nikaenda kwa daktari mwingine, wa tumbo na koo. Anaitwa Dakta Jeruto, mwanamke, mtu wa Eldoret, Kiswahili chake kina milima lakini anasikiliza. Aliniuliza maswali nikatoka jasho. Kinachokwama ni chakula kigumu tu au hata maji? Amekonda tangu lini? Anakunywa dawa gani nyingine? Nikasema hakuna. Akasema, "Fikiria. Mama wa umri huo, anayefuma mikeka ameketi chini siku nzima. Magoti hayaumi?" Nikakumbuka vile vidonge vya magoti ninavyomtumia mimi mwenyewe, pakiti kwa pakiti. Akaacha kuandika. Akasema visimame leo, vinaweza kuwa ndivyo vinavyomtoa damu, na kwa kutapika kule aje haraka. Akirudia kutapika, au choo kikiwa cheusi kama lami, msisubiri Mombasa, mkimbizeni hospitali ya karibu.

Lakini nikuambie kweli, hakuniahidi kitu. Nilimuuliza, "Utamponya?" Akasema, "Nitamtazama kwanza." Mimi bado moyo unanivuta kwa Wazir kwa sababu ana uhakika, na jambo lingekwisha mara moja. Sijui. Wewe unaishi naye. Amua wewe, nami sitabishana.

Kakako,
Idarus


Kipungani, 28 Januari 2025

Kaka Idarus,

Waalaykum salaam. Wala usijilaumu kwa vidonge, nami nilikuwa nampa na maji ya kunywea. Nimeshavitoa vyote, na hajatapika tena, alhamdulillahi.

Nimeamua Dakta Jeruto. Yule asiyeahidi ndiye ninayemwamini. Ila mwenye mwili ni Mama, na Mama alikuwa amefunga mlango. Nikuambie ulivyofunguka.

Nilimkuta amekaa na jamvi la zamani mapajani, limeachia mshono katikati, analigeuzageuza. Raiyan amemlalia mguuni. Nikakaa. Nikasema, "Mama, ndani ya mtu kuna pazia la nyama, juu yake kifua, chini yake tumbo. Lako limeachia mshono kama hili jamvi. Tumbo limechungulia juu."

Akapitisha kidole kwenye ule mwanya wa jamvi, kidole kikatokea upande wa pili. "Hivi?"

"Hivyo."

"Basi huo ni mfumuko. Si ngiri."

"Ni mfumuko, Mama."

"Na yule kijana amenambia ngiri, mtoto wa watu!" Akacheka, mara ya kwanza tangu mwaka uanze, akashika kifua maana kicheko nacho kinamchoma. Nikamweleza wale madaktari wawili, mmoja anataka kukata, mmoja anataka kutazama. Hakuchelewa hata kidogo. "Huyo wa kwanza ashone nini naye hajalikunjua jamvi? Nipelekeni kwa mtu mke."

Kwa hiyo Fadhil anamleta kwa basi. Mimi nabaki, Raiyan ana homa ya meno na Mama amesema nikija na mtoto anayelia yeye anashuka njiani. Mama asilazwe chali. Usimpe pilipili wala chai kali hata akikutukana, na atakutukana. Akimaliza kula akae wima, asijinyooshe. Na mwambie Dakta Jeruto mapema, kabla hawajaonana: mbele ya Mama asiseme ngiri. Aseme mfumuko.

Sijawahi kumwacha aende bila mimi. Usinifiche kitu.

Dadako,
Umulkheir


Mombasa, 8 Februari 2025

Umulkheir,

Assalaamu alaykum. Najua umenipigia na sikushika. Mama alikuwa ubavuni mwangu kila mara, na nisingeweza kusema "salama" kwa sauti ambayo ungeiamini. Nakuandikia ili niseme yote kwa utaratibu.

Kamera imeingia. Dakta Jeruto alimwambia, "Bi Alawiya, nautazama mfumuko wako," na Mama akatikisa kichwa kama anayekagua kazi ya fundi. Mshono umeachia kweli, si mdogo. Koo lote la chini lina vidonda vya ile asidi, na tumboni kulikuwa na kidonda kilichotoa damu, kwa sababu ya vidonge vya magoti. Kimekauka. Hatakatwa sasa. Amepewa dawa ya kunywa asubuhi kabla ya kula, arudi baada ya Idi, atazamwe tena. Mshono ukihitaji kushonwa, Dakta atamwelekeza kwa daktari wa upasuaji anayeshona hii ya kifuani kila mara, na jina lake ataliandika mwenyewe.

Hilo ni jema. Lingine ni kwamba pale koo linapobana waliona sehemu isiyowapendeza, wakabana na kutoa kinyama kidogo kukipima. Nilimuuliza kama ni yale maradhi mabaya. Akasema, "Sioni dalili ya kunifanya niseme hivyo, lakini sitasema siyo mpaka majibu yatoke." Mama hajui hili. Nimekuambia wewe.

Na hatafunga Ramadhani hii. Alipoambiwa, alilia, na sindano yenyewe haikumliza. Alipoondoka na Fadhil aliuacha mswala wake hapa, ule wa ukindu alioushona mwenyewe. Nikakimbia nao mpaka kituoni. Akanisukuma mkono: "Kaa nao. Mswala wa mtu wa kiti una kazi gani?"

Nikarudi nao nyumbani.

Kakako,
Idarus


Kipungani, 26 Februari 2025

Kaka yangu Idarus,

Assalaamu alaykum warahmatullah wabarakatuh. Samehe tena kimya changu, nilikuwa nangoja nione kwanza, nisikuandikie matumaini ya siku moja. Raiyan ametoa jino, ameninyima usingizi kwa jino moja tu kama anayeota meno ya jirani zetu wote. Hali yangu ndiyo hiyo. Ya kwako na wifi natumai ni ya heri.

Fadhil ameinua kitanda cha Mama upande wa kichwani kwa vipande vya mbao. Mama analalamika kwamba anateleza kama samaki kwenye sinia, lakini analala. Analala, Kaka, namsikia anavyokoroma, nami naamka kwa sababu nimezoea kumsikia akikohoa. Wali laini unashuka. Magadi nimeyatupa, amenuna, ameacha kununa. Juu ya kufunga, amemwita mwalimu wa madrasa, akaambiwa mgonjwa ana ruhusa, akalipe kwa kulisha maskini. Akamjibu, "Sawa, lakini futari nitaipika mimi." Nimemwachia hilo.

Lile jambo la kinyama kilichobanwa nimemwambia. Nisamehe, sikuweza kula naye sahani moja nalijua peke yangu. Alisema, "Majibu yakija, mimi ndiye wa kwanza kusoma." Na hajui kusoma hati za madaktari, kwa hiyo tutasoma pamoja, yeye ameshika karatasi.

Jana alasiri, kabla hajala, nilipita mlangoni kwake. Ulikuwa wazi. Kiti kilikuwa pembeni, kimewekewa nguo. Sikusimama kutazama. Nilisikia tu magoti yake yakilia alipokuwa anainuka kutoka chini, kisha Allahu akbar, sauti yake yenyewe, haina kikohozi.

Sasa nisikilize, kwa mara hii fuata kama nilivyoandika. Ukiisoma barua hii, vitu mpe mtu wa basi la kesho yake. Ninavyohitaji bado ni hivi:

Dawa ya asubuhi, ya kufika mpaka Idi, ile ile aliyoandika Dakta Jeruto. Mtu wa duka akikuambia nyingine ni sawa na hiyo, mpigie Dakta kwanza.

Dawa ya kupaka ya magoti, si ya kumeza.

Jina la yule daktari wa upasuaji wa kifuani, kwa mkono wa Dakta mwenyewe, hata kama hatutamhitaji.

Karatasi ya majibu, ikitoka, ndani ya bahasha iliyofungwa. Usiifungue. Hata kama ni mabaya, Kaka, usiifungue.

Na mswala wa Mama. Ule ule wa ukindu. Usimnunulie mwingine.

Dadako,
Umulkheir