Matunguu ya Maua Nusura Yaingie Kwenye Pilau

Biasha, nimetoka kwa bibi Mwanamkuu sasa hivi, mbavu zinaniuma kwa kucheka. Kumbe posa yake nusura iishie jikoni.

Ni enzi za Mwingereza, hapo Kisarawe. Bibi alikuwa akitunza bustani ya mke wa bwana shauri, yule ofisa wa wilaya wa Kizungu. Maua yakinyauka, anakata vikonyo tu na kuyaacha majani mpaka yawe manjano, ili tunguu lililo udongoni, lile linalootesha ua mwaka unaofuata, lishibe. Ndipo anang'oa, anakung'uta udongo na kuyaanika matunguu kivulini. Mwaka ule akapewa kikapu kizima, akakiweka jikoni kwao.

Siku ya posa, mama yake babu akaja kutoka Mzenga. Hakukubali kukaa mkekani kama mgeni, akaingia jikoni kusaidia pilau. Bibi anafika, anamkuta mkwewe anakatakata matunguu yale huku anashangaa, "Mbona vitunguu vya huku haviwashi macho?"

Bibi akampokonya kisu.

Mkwewe, Biasha. Alimpokonya kisu mkononi, mbele ya wanawake wote.

"Hayo ni matunguu ya maua, mama. Yana sumu."

Bibi anasema alitamani ardhi ipasuke. Mama yake mzazi akaanza kuomba radhi. Mkwe akalitazama sinia la matunguu aliyoyakata, akamtazama bibi, akacheka mpaka akakaa chini.

"Msiniombe radhi," akasema. "Mwanangu hula chochote anachowekewa. Huyu ndiye wa kumtunza. Haya, nionyesheni vitunguu vya kweli viko wapi."