Machipukizi ya Nyuma ya Nyumba

Alhamisi, 2 Aprili
Gulio. Hapa kwetu ni tarehe zinazoishia na mbili na saba, na leo ndiyo mara ya kwanza tangu theluji iyeyuke akina bibi wa mlimani wameshuka wote. Wamekaa kando ya mto, mboga chini mbele yao, vifungu vidogo vidogo, udongo bado mbichi kwenye mizizi. Mimi mtoto wa pwani, mama yangu aliuza ngisi. Nionyeshe jicho la samaki nitakwambia kavuliwa lini. Lakini haya majani – yote naona nyasi.

Nimenunua nengi kwa Bibi Okbun, yule mwenye jino la dhahabu. Ni kijani kinacholala chini kama kimekanyagwa, kina mzizi mrefu mweupe. Nikamwambia ni ya baba mkwe, hali chakula. Tangu lini? Tangu tumzike mama mkwe, mwezi wa kumi na mbili. Akanitupia fungu la pili kikapuni. Akasema majira haya nengi humrudishia mtu ulimi wake.

Naomba iwe kweli. Baba kaongeza tundu jingine kwenye mkanda, kalitoboa mwenyewe kwa msumari, nilimwona. Na wifi Myeongja kapiga simu dukani: mwezi ukiisha na Baba bado hali, anakuja kumchukua akae naye Seoul, ghorofa ya kumi na moja. Mume wangu Gilsu anasema dada yake akishaamua kaamua. Baba mwenyewe hajasema ndiyo wala hapana. Atafanya nini huko juu, mtu ambaye hajawahi kulala mbali na shamba lake? Na Boram wangu, miaka miwili tu, anamjua Babu yake kuliko anavyomjua baba yake. Baba yake yuko mgodini, huja Jumamosi tu.

Ijumaa, 3 Aprili
Supu ya nengi. Niliosha maji saba, mizizi nikaikwangua mmoja mmoja. Nikaweka kila kizuri nilichonacho – dagaa, kitunguu saumu kingi, mafuta ya ufuta juu.

Vijiko viwili. Kisha akakiweka kijiko chini polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Kasema ameshiba, asante.

Boram kalamba bakuli. Angalau huyo.

Jumanne, 7 Aprili
Gulioni nikamwambia Bibi Okbun kwamba ulimi haujarudi. Uliweka nini? Nikamtajia. Akamgeukia mwenzake anayeuza uyoga mkavu: “Njoo umsikie huyu. Mboga ina harufu yake, yeye kaipaka manukato.” Wakacheka mpaka wakashikana mabega. “Binti wa ngisi, hii haina shombo ya kuficha. Muda wote Mungu aliotumia kuitia harufu, wewe unaizika kwa kitunguu saumu?”

Uso ulinichoma. Lakini kanifundisha. Maji ya kuoshea mchele – ya pili, ya kwanza yamwage. Rojo la soya kijiko kimoja na nusu. Nengi iingie mwisho, ikilala tu, epua. Basi. Hakuna cha ziada.

Halafu kasema: “Mama mkwe wako alikuwa anasimama hapo hapo ulipo. Kila gulio ananisuta, eti nengi yangu ya bustanini, si ya mwitu. Alikuwa na mdomo yule.” Nyumbani hakuna anayemtaja. Nimerudi njia nzima nikimuwazia akigomba na watu kando ya mto, mkono kiunoni. Mimi nilimjua akiwa mgonjwa tu.

Jumatano, 8 Aprili
Nusu bakuli!

Tena akaongea. Kauliza rojo ni la mtungi upi. Nikasema la mtungi wa mwisho, aliotia marehemu Mama. Akaitikia kwa kichwa, akanywa. Ningependa kuandika kwamba alitabasamu. Hakutabasamu. Lakini nusu bakuli.

Jumapili, 12 Aprili
Mvua. Gulio lote miavuli. Nimeleta vitunguu mwitu, vyembamba kama uzi, vinatoa machozi. Gilsu yupo, kala bakuli mbili za wali navyo hata hajafunga kinywa vizuri. Baba nusu, kama jana na juzi. Gilsu kasema nusu ni nusu. Sijajua ananisifu au anakata tamaa.

Ijumaa, 17 Aprili
Leo akina bibi wameleta durupu. Sijawahi kuona chakula kinachopiganiwa vile, na ni machipukizi tu – ncha za mti wenye miiba, kila mti unatoa kichwa kimoja, mnene, kama ngumi ya mtoto. Nilipokishika nikasema, Bibi, miti hii si ipo nyuma ya nyumba yetu? Safu nzima, nilidhani ni ua wa kuzuia mbuzi wa jirani. Bibi Okbun kanitazama kama nimesema nina ng'ombe na sijui anatoa maziwa. “Nenda nyumbani,” kasema. “Kakate vichwa kabla havijafunguka. Maji yachemke, chumvi, zamisha, hesabu mpaka thelathini, toa. Rojo la pilipili pembeni.”

Nilikata vichwa vya miti yote kumi na tisa, mikono imechanika. Kwenye meza nikaviweka vya kijani kabisa, bado vinatoa moshi.

Baba alivitazama muda. Kisha akachukua vijiti vya kulia. Kimoja. Cha pili. Boram akapanua kinywa, Babu yake akamkatia nusu, binti yangu akakunja uso kwa uchungu wake, kisha akataka tena. Baba akasema, “Huyu ni wa hapa.” Nimemhesabia: kumi na moja. Na wali wote.

Nilikwenda kuosha vyombo nikaimba.

Jumatano, 22 Aprili
Siku tatu alikula vizuri, mpaka durupu ya nyumbani ikaisha. Juzi karudi kwenye nusu bakuli. Jana robo.

Leo nimewahi gulioni asubuhi, lakini wachuuzi wa mjini walishabeba durupu yote. Nimepita dukani, simu ya wifi ikanikuta huko huko. Nikamwambia kuhusu zile kumi na moja. Akauliza: na jana? Sikuweza kudanganya. “Wifi yangu,” kasema, na sauti yake haikuwa ya ukali, “sikulaumu hata kidogo. Umejitahidi. Lakini huo ni mlo wa paka. Nakuja Jumapili, mfungie nguo zake.”

Nina siku nne.

Ijumaa, 24 Aprili
Sijui niandike vipi.

Asubuhi nilikwenda nyuma nikakuta miti imetoa tena. Chini ya pale nilipokata kila mmoja una machipukizi ya pembeni, mawili matatu, madogo kama kidole cha Boram. Nilifurahi nikakaribia kulia. Nikakata yote. Nilifika mpaka yale yaliyokuwa bado yamefumba, nikayachimbua kwa ncha ya kisu. Nikayachemsha, nikayapanga kwenye sahani kama maua.

Baba kachukua moja kwa vijiti, akaligeuza. “Haya umeyatoa wapi?”

Nikasema nyuma, Baba, imetoa tena.

“Umebakisha?”

Nikasema kwa fahari – Mungu wangu, kwa fahari – hapana, nimekuletea yote.

Akaweka vijiti chini. Akavaa viatu akatoka. Nilimwona dirishani anapita mti hadi mti, anashika kichwa cha kila mmoja pale palipo na kidonda. Alipofika mwisho akarudi kuanza upya. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Chakula cha jioni hakugusa kabisa.

Jumamosi, 25 Aprili
Gilsu karudi na masizi yake shingoni, hata sijampa maji nikamweleza. Akakaa kwenye ngazi, akafumba macho.

Kasema kila mtu anajua. Kichwa cha kwanza ni cha mtu, cha pili ni cha mti. Ukichukua na cha pili mti hauna cha kupumulia, unakauka. Watoto wa hapa wanaambiwa kabla hawajajua kushika kisu, ndiyo maana hakuna aliyefikiria kuniambia mimi. Nikamuuliza miti ni ya nani. Kasema Mama yao aliitoa mlimani mizizi yake ndani ya kanga ya mgongoni, mwaka aliozaliwa yeye Gilsu, kwa sababu hakutaka kumwacha mtoto mchanga kila mara aende kuitafuta msituni.

Kwa hiyo alipanda kwa ajili ya mtoto mchanga. Na mimi nimeikata nikiwa na wangu mgongoni.

Nimekwenda kwa Baba nikapiga magoti. Nikasema, Baba, sikujua. Alikuwa anatazama ukuta. Kasema, “Nani angekwambia.” Si swali, ni vile tu. Nguo zake nimezifunga. Mashati manne, sweta la kijivu. Hakuniambia niache.

Jumapili, 26 Aprili
Naandika jikoni nimesimama, kalamu ya Gilsu.

Wifi kafika na basi la saa sita, viatu vyake vya mjini vimejaa tope. Kambeba Boram, kambusu, kamwambia umekua. Kisha akauliza, Baba yuko wapi? Matandiko yake yalikuwa yamekunjwa. Begi liko mlangoni, mwenyewe hayupo. Tukaenda nyuma.

Yuko chini amechuchumaa na jembe dogo. Kachimba pembeni ya miti, anakata mizizi vipande, urefu wa kiganja, anavipanga kwenye gunia bichi. Tuta jipya tayari, amelinyoosha kwa kamba. Kasema bila kugeuka, “Mwezi mzima nimechelewa. Vingine vitaota, vingine havitaota.”

Wifi akasema, Baba, basi linaondoka saa kumi.

Akaniita mimi. “Mama Boram. Njoo uangalie, sitaeleza mara mbili.” Upande mnene juu. Kilaze mshazari, usikisimamishe. Udongo vidole viwili. Nimepanda sita kwa mkono wangu, cha saba kakichomoa, kasema nimekipindua.

Wifi kasimama na begi mkononi. Akauliza itachukua muda gani mpaka ikatwe. Baba kasema miaka mitatu. Labda minne, hii ya mwinuko hukua polepole.

“Na nani ataipalilia, Baba?”

Baba alikuwa anamwonyesha Boram jinsi ya kukanyaga udongo bila kuuumiza. Boram anaruka kwa miguu miwili. Gilsu kacheka, kisha akamtazama dada yake akaacha.

Nikaja ndani kupasha supu. Hajala tangu juzi mchana, sijui kama atakula, sijamuuliza, naogopa kuuliza. Nimeweka bakuli tano. Nimeondoa moja. Nimelirudisha.

Dirishani namwona wifi. Begi kaliweka juu ya jiwe, si chini kwenye tope – hivyo huenda bado anataka kuondoka nalo safi. Lakini kavua viatu. Amekunja suruali, anamuuliza Baba kitu, na Baba anamwelekeza kwa kidevu mwisho wa kamba, aushike, aukaze.

Saa kumi kasoro robo. Baba anaita maji. Ndoo mbili, anasema, si moja. Naenda, supu itulie kidogo –