Harufu ya Mbarika Kwenye Pijo la Ofisi

Alhamisi, 11 Julai 1974
Homa ya Klara imeshuka, Mungu ashukuriwe. Ila jana katapika maziwa kwenye gari la ofisi, kiti cha nyuma chote! Tobia hakuruhusiwa kutupakia — mali ya umma si ya mke wa dereva. Lakini toka hapa Malindi, hii yetu ya milimani, mpaka hospitali, mtoto anaweweseka, ningetembea? Mkubwa wake, Ndugu Hezekia, yuko Tanga mpaka Jumatatu. Akijua, Tobia kazi hana.

Ijumaa, 12 Julai
Nimesugua kile kiti. Ngozi halisi, gari ni Pijo la Wazungu wa zamani. Kitambaa, sabuni kidogo, maji nikakamua sana. Uchafu umetoka mweusi kama chai ya rangi. Nikasogea nyuma nitazame — lo! Kimoja kinang'aa, vingine vumbi tupu. Kama mtu kanawa shavu moja. Tobia kacheka, kisha kasema mkubwa ataliona hilo. Basi, vyote.

Jumamosi, 13 Julai
Vyote. Mgongo si wangu tena. Ukungu kutwa, jua hakuna. Ngozi imekakamaa, ukikaa inalia. Tobia anataka tuviweke karibu na moto. Nimemkatalia, vitapasuka. Mama mkwe kaja na kichupa cha mafuta ya mbarika, yale ya nyonyo: mbeleko zetu za ngozi tulizilainisha kwa kitu gani, we mke wa dereva — kwa maneno? Tukapaka, tukafuta kwa flana ya Klara. Laini kama sikio!
Tobia anasema akiulizwa, atasema alimwokota mgonjwa njiani. Nikamwambia sema wewe. Mimi usinitie humo.

Jumapili, 14 Julai
Kanisani nimesinzia.

Jumatatu, 15 Julai
Tobia karudi mapema, na Ndugu Hezekia yumo garini! Tobia kaninong'oneza: asubuhi mkubwa alisifu viti. Akafunga mlango, akavuta pumzi, akasema: Ndugu Tobia, gari linanuka mzazi! Jamani — huku kila mtoto mchanga hupakwa mbarika. Sikuliwaza. Mama mkwe naye hakuliwaza. Tobia kajibu ni mafuta ya ngozi tu. Haya, kasema mkubwa, nipeleke kwako nikamwamkie mama yako.
Naandika jikoni, maji hayajachemka. Kamwamkia mama mkwe vizuri, shikamoo ya heshima. Kaomba kumpakata Klara. Nimempa. Kamnusa utosini: mbarika ile ile. Tobia anatazama viatu vyake.
Ndugu Hezekia ananiita. "Mama Klara, acha chai. Njoo ukae hapa."