Mashini Iliyokaa Mahali Pangu

Bwera, Jumapili mchana, mwezi wa nne, 1974. Mvua imekatika sasa hivi. Milima imejifunika mawingu mpaka magotini, na mimi nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa nyuma ya jiko la wakwe zangu, naandika kwa kujificha kama mwizi. Usiniulize kwa nini.

Haya, niulize.

Lakini kwanza nijisifu, maana nikishaanza kusema sitapata nafasi tena. Mimi shule niliiacha darasa la sita, na bado hakuna mtu kati ya Kasese na mpaka wa Kongo anayenishinda kwa waya. Mgodini kwenye shaba namsaidia fundi wa umeme, na fundi mwenyewe akikwama ananiita mimi. Jumamosi napiga gitaa la umeme kwenye klabu ya pale Kasese mjini. Wasichana wananijua, askari wa kambini wananijua, hata mbwa wa klabu ananijua. Na juu ya hayo yote mimi ni baba wa mapacha, wavulana wote wawili, Nguru aliyetangulia na Ndobya aliyemfuata. Fundi wangu ana vyeti vimejaa ukuta lakini hiyo kazi hajaiweza.

Sasa nijishushe.

Mke wangu Biira alikuja kujifungulia huku Bwera, kwa baba yake. Na kwa watu wa hapa mapacha hawatoki hivi hivi tu. Lazima wachezewe endara. Kwa asiyeijua, endara ni vibao virefu vya mti vinavyolazwa juu ya migomba miwili mibichi. Wapigaji wanakaa pande zote mbili, kila mtu na vibao vyake, na wimbo unapatikana pale mikono yao inapoingiliana. Siku ya mapacha baba yao ndiye anakaa kichwani mwa endara. Yeye anaanza, wengine wanamfuata.

Na yeye anafuata miguu ya Bibi.

Bibi ni nyanya yake Biira. Kazi yake ni kuwazungusha watoto uwanja mzima, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Akipunguza hatua, baba anapunguza mkono. Akisimama kupumua, baba anagonga kibao kimoja tu, pole pole, mpaka apate nguvu. Mzunguko ukikamilika, watoto wametoka na mama yao yuko huru kurudi kwa mumewe. Usipokamilika, wanabaki ndani.

Siku yenyewe ilikuwa jana, Jumamosi. Na jana hiyo hiyo klabu ilikuwa inapokea amplifaya mpya kutoka Kampala.

Hapo ndipo akili yangu ya darasa la sita ilipofanya kazi kupita kiasi. Nina mashini ya kaseti, nzuri, imevuka mpaka pale Mpondwe ikiwa chini ya matoke. Jumapili iliyopita, nilipokuja kuwaona watoto, nilikaa kwenye endara peke yangu nikapiga sehemu yangu yote, mashini ikinasa. Nikamwita Bwambale, kaka yake Biira, nikamwonyesha pa kubonyeza. Nikamwambia: siku ikifika iweke mashini kwenye kigoda changu, kichwani mwa endara, bonyeza hapa, nyinyi mfuate. Sauti ni yangu, mkono ni wangu, kuna tofauti gani?

Nilijiona mtu mkubwa. Baba wa kwanza Bwera nzima kupiga ngoma akiwa Kasese! Nikaona hata wazungu hawajafikiria hiyo.

Biira nikamwambia nyapara wangu amenikatalia ruhusa.

Uongo. Nyapara nilimwomba ruhusa kabla sijasikia habari za amplifaya, na aliposikia neno mapacha alicheka akanipiga bega. "Nenda, kijana. Hata Jumatatu usije." Ruhusa nilikuwa nayo. Ningeweza kuandika hapa kwamba nilimwogopa afande fulani wa kambini aliyetaka muziki, na siku hizi za utawala wa askari kila mtu angeniamini. Hakuna afande aliyenilazimisha. Nilitaka niwe mtu wa kwanza kuchomeka gitaa kwenye ile amplifaya, basi.

Na ililia, jamani! Kioo cha dirisha kilitetemeka. Kulikuwa na sajenti mmoja, mpana kama kabati, anacheza na mkewe, na goti moja linamsumbua. Nikaliona toka jukwaani. Nikapunguza mkono, na bendi yote ikapunguza nami. Alipopata nguvu nikaongeza. Wimbo ulipoisha akaninyooshea kidole.

"Wewe kijana! Unaona mbali!"

"Ndiyo, afande!"

Nilivimba kichwa mpaka asubuhi. Asubuhi nikadandia lori la pamba kuja huku, nikiwa nimebeba sukari na maneno matamu, nikitegemea kupokewa kwa vigelegele. Njia nzima nilikuwa namsimulia dereva habari za ile mashini. Alichoka mpaka akaanza kuimba ili nisisikike.

Nilipoingia uwanjani hakuna aliyeimba. Wakubwa walinisalimu kwa adabu, na adabu ya wakwe ikizidi ujue kuna jambo. Bibi peke yake ndiye aliyekuwa na kinywa. Alikuwa amekaa mlangoni, mguu ameunyoosha, goti limefungwa majani.

"Karibu, mume wangu," akaniambia. Bibi huwa ananiita mume wangu, ni utani wake. "Ingia pole pole, mwenzako nimemulaza. Alichoka sana jana."

"Mwenzangu nani, Bibi?"

Akafunua nguo ya watoto iliyokuwa pembeni yake. Ndani kulikuwa na mashini yangu ya kaseti, imefungwa vizuri kama kichanga, kifuniko tu kinachungulia.

"Baba wa watoto huyu hapa. Nimemupa uji, hataki."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa furaha. Bwambale ndiye aliyenivuta pembeni akanieleza.

"Shemeji, mashini yako haioni mutu," akasema. "Ilianza vizuri, watu wakapiga makofi. Bibi akafika pale kwenye mulimao, akachoka. Sisi tukapunguza. Yenyewe inaenda tu! Tukaifuata, Bibi akabaki. Tukamurudia Bibi, yenyewe ikatuacha. Ilikuwa kama kufukuza kuku."

"Si ungeizima?"

"Niizime namna gani? Baba wa mapacha akianza, nani anamunyamazisha?"

Kwa mila yao mwenye kile kigoda hakatizwi, na mimi ndiye niliyesema mashini ni mimi. Basi walimheshimu baba wa watoto kama inavyotakiwa, wakamkimbilia. Bibi naye, kwa sababu ngoma haikumngoja, aliamua kuikimbilia. Mwanamke mzee, na watoto wawili mwilini. Goti likakataa. Watoto aliwakinga, hawakuguswa na vumbi, lakini yeye alishuka chini mbele ya watu wote. Na wakati anainuliwa, mawe ya mashini, zile betri zake, yakaanza kufa. Sauti yangu ya vibao ikawa nzito, inajivuta, kama ng'ombe anayeumwa tumbo. Watoto wa majirani wakacheka. Halafu ikasema tak, ikanyamaza.

Baba mkwe alisimama akasema watoto warudishwe ndani. Wageni walikula wakaondoka bila wimbo.

Mzunguko haukufika hata nusu.

Nimekaa hapa nafikiria lile goti la sajenti. Nililiona ndani ya moshi wa sigara, toka juu ya jukwaa, mtu nisiyemjua hata jina. Mkono wangu ulimngoja. Ndiyo kazi ya mpiga muziki, mengine yote ni kelele. Unapiga huku unamwangalia mtu. Mimi hilo nalijua kuliko mtu yeyote Kasese, nalijua mpaka kwenye vidole, na bado nikampelekea Bibi kitu kisicho na macho. Mashini yenyewe haina kosa. Ilifanya nilivyoifundisha.

Lakini sijafika penye kuuma.

Wageni walipokuwa wanatoka, baba mdogo wa Biira alisema kwa sauti, watu wasikie: "Kama mashini ndiyo baba, basi na mahari turudishie mashini." Watu wakacheka. Biira, mtu ambaye hata sokoni hanyanyui sauti, akatoka ndani akasimama mbele ya wazee. Akasema mume wake si mtu wa kudharau watoto. Akasema mubaya ni nyapara, mutu asiye na huruma, mutu asiyejua uchungu wa kuzaa. Alimtukana yule mzee wa watu aliyenipiga bega. Alimtukana mpaka wazee wengine wakaanza kunihurumia.

Bwambale alinisimulia hayo kwa kunisifia mke wangu. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Nikamfuata Biira nyuma ya nyumba. Alikuwa anawaogesha watoto kwenye beseni. Alitabasamu aliponiona, na lile tabasamu ndilo lilinimaliza. Akampangusa mmoja akanipa.

"Shika. Mukubwa ama mudogo huyu?"

"Nguru," nikasema haraka, kama mwanafunzi.

"Ndobya," akasema. Hakukasirika. "Utazoea. Si kosa lako, kazi yenu ile inakula watu."

Nikatafuta maneno yangu, yale mengi ninayojulikana nayo. Nikasema tu:

"Biira, nyapara hakukataa."

Aliendelea kummwagia maji yule mwingine kwa kiganja. Nikamwambia yote, ruhusa, amplifaya, yote. Nilifikiri atapiga kelele. Ningefurahi angepiga kelele.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Wewe tu."

"Mimi nimetukana mutu bure," akasema. "Mbele ya baba zangu wote." Akamtoa mtoto majini, akamfunga nguo. Halafu akaniambia, bila kuniangalia: "Baba anaenda Kasese kesho. Anaenda kuongea na nyapara wako."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Anaenda kumuomba akupe ruhusa, turudie ngoma. Utamuambia mwenyewe, Baba Nguru. Mimi sisimami tena mbele ya watu kwa ajili yako."

Akaingia ndani na mmoja. Akaniachia huyu mwingine.

Kwa hiyo naandika kwa mkono mmoja. Mkono wa kushoto umemshika Ndobya, amelala, anapumua kama feni ndogo. Sasa namjua: ana mkunjo mdogo sikioni, kaka yake hana. Nimekaa naye hapa tangu saa ile, na ni mara ya kwanza nakaa naye zaidi ya muda wa wimbo mmoja. Nilikuwa nakuja Jumapili, nawarusha juu, natoa mzaha, wanawake wanacheka, naondoka. Nikiulizwa Kasese nasema watoto wangu wana nguvu kama simba. Nilikuwa najua nini?

Najua kitakachotokea nikisema. Baba mkwe ana haki ya kumbakiza Biira hapa mpaka ukoo wake uridhike, na ukoo wake una wazee wengi na hawana haraka. Anaweza kusema nikalete watu wangu kutoka kwetu Rukoki waje kuniombea msamaha. Anaweza kunikataza milele nisikae kichwani mwa endara, kigoda akampa Bwambale. Hilo la mwisho limenichoma kuliko nilivyotegemea. Mimi niliyemwachia mashini kile kigoda, sasa nakitaka.

Nisiposema, kesho mzee atafika mgodini. Atamkuta nyapara, atavua kofia, atamsihi mtu amsamehe mkwe wake kwa kosa la kuzaa mapacha. Nyapara atamwambia ukweli kwa mshangao. Na mzee atarudi njia yote ile, pamoja na aibu yangu, akijua kwamba na binti yake alisimama akatetea uongo.

Kutoka hapa namwona. Amekaa barazani, ametoa viatu vyake vyeusi vya kanisani, vile anavyovaa Krismasi na Pasaka tu. Anavisugua kwa masizi na mafuta ya kupikia, anatema mate kidogo, anasugua tena. Pembeni amefunga jogoo miguu, zawadi ya kumpelekea nyapara. Sasa amevivaa. Anatembea hatua chache barazani, anavijaribu, anachechemea kidogo kwa sababu vimembana.

Mvua itarudi jioni, naiona juu ya mlima.

Ananiita.

"Mukwe! Njoo hapa uniambie. Huyo mukubwa wako, nikifika, nimuite bwana ama afande? Nisije nikakuharibia."

Nafunga daftari. Nakwenda na Ndobya mkononi, na siyo ili nihurumiwe. Nakwenda kumwambia mzee avue viatu.